Zama Ambazo Kompyuta Ndiyo Iliyochagua Rangi

Kijana aliyejifunza kutengeneza tovuti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990 alipewa rangi 216, basi. Kompyuta nyingi za wakati ule zilimudu kuonyesha rangi 256 tu kwa mpigo, na katika hizo, 40 hazikufanana kati ya Windows na Macintosh. Zilizobaki ndizo zilizoitwa rangi salama. Aliyetoka nje ya orodha hiyo alijitafutia balaa: kompyuta isiyokuwa na rangi iliyoombwa iliiigiza kwa kuchanganya vidoti vya rangi za jirani, na ukurasa uliokuwa safi ofisini ukatoka na madoadoa kwenye intaneti kafe ya Kariakoo.

Mwandishi wa makala haya ni wa kizazi hicho. Yeye na wenzake walibandika jedwali la rangi ukutani, kando ya kompyuta, wakaikariri hesabu yake: taa tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja na ngazi zake sita, sita mara sita mara sita. Ngazi zenyewe ziliandikwa 00, 33, 66, 99, CC na FF, hivyo FF0000 ilikuwa nyekundu kali na 003366 bluu iliyokolea. Aliyelieneza sana jedwali hilo ni Mmarekani Lynda Weinman, kupitia kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu usanifu wa picha za tovuti. Fundi hakuanza kwa kuuliza kama rangi inapendeza. Aliuliza kama imo kwenye jedwali.

Wengi wa mafundi wa kizazi hicho walitoka kwenye uchapaji wa kadi za harusi, kalenda na fulana, na huko walikuwa wamejifunza kinyume. Mchapaji akichanganya wino mwekundu na wa kijani hupata rangi ya matope. Kwenye kioo cha kompyuta, taa nyekundu ikikutana na ya kijani huzaa njano. Wino hula mwanga na kioo hutoa mwanga. Mchapaji anaanza na karatasi nyeupe akishuka kuelekea giza, mtengeneza tovuti anaanza gizani akipanda.

Mwaka 2000, David Lehn na Hadley Stern walilipima upya jedwali lile katika jarida la mtandaoni la Webmonkey. Wakakuta kwamba kwenye mashine mpya zenye maelfu ya rangi, ni 22 tu kati ya zile 216 zilizotoka sawasawa. Kufikia hapo haikuwa na neno tena. Kadi za picha zilishuka bei, na miaka michache baadaye kompyuta ya kawaida ilionyesha rangi 16,777,216. Jedwali likabanduliwa ukutani.

Hapo ndipo mteja alipokamata usukani.

Tanzania, kijani na njano ni klabu ya soka ya Yanga, na ni chama cha siasa cha CCM pia. Nyekundu na nyeupe ni Simba, watani wa jadi wa Yanga. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyeonyeshwa tovuti ya kijani na njano alitikisa kichwa. “Kijana wangu, duka hili si tawi la Yanga. Nusu ya wateja wangu ni Simba.” Ikabadilishwa kuwa bluu siku ileile. Nchini Kenya, kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 ilitumia alama ya ndizi kwa waliosema ndiyo na chungwa kwa waliosema hapana, na kutoka kwenye chungwa hilo likazaliwa jina la chama cha ODM. Tangu hapo rangi ya machungwa nchini humo ina kambi yake. Hayo hayamo katika vitabu vya nadharia ya rangi vilivyoandikwa Ulaya.

Nadharia hiyo, hata hivyo, ilimwokoa fundi mahali pengine. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba nyekundu ya nembo yao imefubaa kwenye tovuti, ilhali namba yake haikuguswa. Jibu lilikuwa limechapishwa tangu 1839. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Alipozichunguza aliziona hazina kasoro. Zilizoziharibu ni rangi zilizofumwa kando yake. Jicho huipima rangi kwa kuilinganisha na jirani. Mwandishi akajifunza kuiacha nembo kama ilivyo na kubadilisha rangi ya nyuma yake, na mteja akaridhika kwamba amerudishiwa nyekundu yake.

Badiliko kubwa kuliko yote lilifika Desemba 2008, pale W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, lilipotoa toleo la pili la mwongozo wa tovuti zinazotumika na watu wote, wakiwamo wenye ulemavu. Humo rangi ilipewa kipimo: tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1, au 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Nyeusi juu ya nyeupe hufika 21 kwa 1. Ukizipima rangi za watani wa jadi, nyekundu kamili juu ya nyeupe hupata 4 kwa 1: inafaa kwa kichwa cha habari, haifai kwa habari yenyewe. Nyeupe juu ya njano kamili haifiki hata 1.1, lakini nyeusi juu ya njano hiyohiyo hupita 19. Sababu ni kwamba katika mng’ao wa kioo, kijani hubeba takribani asilimia 72, nyekundu 21 na bluu 7 tu. Njano, mtoto wa nyekundu na kijani, iko hatua chache tu kutoka kwenye weupe.

Kipimo hicho kilimkumbuka msomaji. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takribani 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Mark Zuckerberg wa Facebook ni mmoja wa wenye hali hiyo, na amewahi kusema kwamba bluu ndiyo anayoiona vizuri zaidi. Fomu inayoonyesha kosa kwa wekundu peke yake, bila neno lolote, haimwambii kitu mtu kama huyo. Afrika Mashariki yupo na mwingine: amesimama kituo cha daladala saa saba mchana, simu ya bei nafuu mkononi, mwanga wa kioo ameupunguza ili kutunza chaji. Maandishi ya kijivu hafifu, yaliyopendwa sana na wabunifu miaka ya 2010, kwake ni ukurasa mtupu.

Tangu 2019, iPhone na Android zilipoleta hali ya giza kwa simu nzima, tovuti moja huhitaji seti mbili za rangi, na kila seti ipimwe peke yake. Vikokotoo vya kupimia vipo bure mtandaoni.

Kwa hiyo wewe unayetengenezewa tovuti, kabla hujalipa awamu ya mwisho, chukua simu ya kawaida, toka nje juani, ujaribu kusoma bei na namba ya mawasiliano. Kisha mwombe fundi akupe kipimo cha maandishi hayo. Kikiwa chini ya 4.5, mrudishie kazi.