Saa 36 njiani na mama mwenye kisukari na mtoto wa miaka mitatu

Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika habari za kisukari: dalili zake, lishe, namna ya kutunza miguu. Nikajiona mjuzi. Ujuzi huo ulinitoka saa 6 na robo usiku, mwezi Julai, katika uwanja wa ndege wa Hamad mjini Doha, nilipomwona mama yangu anatokwa jasho mahali ambapo abiria wengine walikuwa wamejifunika kwa baridi ya viyoyozi.

Tulikuwa watatu: mama, mwanangu wa kiume wa miaka mitatu, na mimi. Safari ilikuwa ya Manchester, Uingereza, ambako dada yangu alikuwa amejifungua wiki mbili kabla. Mama alikuwa anakwenda kumkanda. Kila nilipomweleza kwamba huko wapo wakunga wanaomfuata mzazi hadi nyumbani, alinijibu kwa swali moja tu: "Hao wanajua kukanda?" (Habari ya viza ni makala nyingine, na ni ndefu kuliko hii.)

Tuliamka saa 9 usiku nyumbani Nyegezi. Ndege ya kwenda Dar es Salaam iliondoka Mwanza saa 12 asubuhi, ya Doha iliondoka Dar saa 11 jioni. Doha tulifika saa 5 usiku, na ndege ya Manchester ilikuwa saa 2 asubuhi. Tangu kuamka hadi kutua ni zaidi ya saa 36, lakini angani tulikaa kama saa 15 tu. Zilizobaki zote ni za kusubiri. Watu wakikuuliza habari za safari wanauliza ndege ilikuwaje, ila kinachomchosha mzee na mtoto ni viti vya kusubiria.

Kabla ya kuondoka tulikwenda kliniki. Daktari alitupa barua ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, dawa na sindano, maana kwenye ukaguzi vimiminika vya zaidi ya mililita 100 huzuiwa, na dawa yenye barua haileti maswali mengi. Kisha akatupangia saa za kuchoma. Mama hutumia insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Bahati nzuri Doha na Tanzania saa ni moja. "Saa yako ya mkononi usiiguse mpaka utue Uingereza," daktari alimwambia. Wakati wa kiangazi Uingereza iko nyuma yetu kwa saa mbili, hivyo siku ya kufika angechoma saa 12 jioni ya kule. Ratiba hiyo ni ya mama yangu, usiige. Nenda kliniki na tiketi yako mkononi, daktari aone saa zenyewe.

Akaongeza neno moja ambalo nilitikisa kichwa kulikubali kama mtu anayelijua tangu zamani: njiani, sahani kwanza, sindano baadaye. Nyumbani mama huchoma nusu saa kabla ya kula kwa sababu anajua chakula kiko jikoni. Kwenye ndege hakuna anayejua chakula kitafika lini.

Kosa la kwanza nililifanya Mwanza. Begi dogo la mama lilizidi uzito kidogo, mhudumu akaniomba niliweke na mizigo mikubwa. Nikasema sawa. Lilikuwa limeshaanza kutembea kwenye mkanda nilipokumbuka kwamba insulini yote, ya wiki sita, iko humo. Nilipiga kelele ambayo bado naionea aibu. Mzigo unaweza kupotea, na sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuwa na baridi ya kugandisha. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Nimeandika jambo hilo gazetini mara mbili.

Pale pale Mwanza mama alikataa kiti cha magurudumu. "Mimi si mgonjwa," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Nikamwacha.

Dar es Salaam haikuwa na shida. Tiketi zetu zilikuwa mbili tofauti, kwa hiyo tulichukua mizigo yetu wenyewe na tukaenda kwa mama mdogo Kipawa, karibu na uwanja. Tulioga, tukala wali na samaki, mtoto akalala saa mbili kitandani. Kama una ndugu au nyumba ya wageni karibu na uwanja na muda wako ni mrefu, toka nje.

Shida ilianza juu ya mawingu, nami sikuiona.

Saa 1 kamili jioni nilikuwa chooni na mtoto. Mama alitazama saa yake, akatoa kibegi chake, akachoma kama alivyozoea. Chakula kililetwa karibu saa 2. Alikionja, akasema hakina chumvi wala ladha, akala vijiko vichache vya wali. Nilimwona anafunga mkate kwenye karatasi na kuutia kwenye pochi. Nilidhani ameshiba.

Kitu kingine sikukiona kabisa: hakuwa amekunywa maji. Asubuhi kwenye ndege ya Mwanza alikwenda chooni, akabonyeza kitufe cha kusafishia, na ule mngurumo ukamtisha. Alidhani ameharibu ndege. Hakumwambia mtu. Aliamua tu kwamba hatakwenda tena, na njia rahisi ya kutokwenda ni kutokunywa. Baadaye nilipowauliza wamama wengine, nilicheka na kusikitika kwa wakati mmoja, maana karibu kila mmoja ana mzazi aliyefanya hivyo. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno, na mwenye kisukari asiyekunywa maji anajitafutia matatizo. Sasa namshauri yeyote anayesafiri na mzazi wake: mpeleke chooni wewe mwenyewe mara ya kwanza, bonyeza kitufe mkiwa wote, asikie ule mlio akiwa amekushika mkono.

Doha tulitembea sana. Uwanja ni mkubwa, na kutoka mlango tulioingilia hadi pale katikati kwenye sanamu ya dubu mkubwa wa njano mwenye taa kichwani ni safari. Mwanangu, aliyekuwa analia tangu tutue, alinyamaza ghafla mbele ya yule dubu. Nilikuwa napiga picha mama aliponiita kwa jina la dada yangu.

Nikageuka. Jasho lilikuwa linamtoka puani na kwenye paji la uso, vidole vinatetemeka. "Nimechoka tu," alisema. Ingekuwa rahisi kumwamini. Usiku wa manane, baada ya saa zote hizo, nani hajachoka? Dalili za sukari kushuka na dalili za uchovu wa safari zinafanana hivyo, na ndiyo maana mashine ya kupimia haipaswi kukaa chini ya begi. Yangu ilikuwa chini ya begi, chini ya nguo za mtoto.

Mashine ilisoma 3.1. Chini ya 4 sukari imeshuka, na inatakiwa ipandishwe hapo hapo.

Pipi za mtoto, nilizonunua kwa ajili ya masikio yake wakati wa kutua, zilikuwa zimeisha. Duka la karibu lilikuwa na foleni. Nikafungua pochi ya mama kutafuta leso, nikakuta vipakiti vya sukari kama ishirini. Alikuwa anavikusanya tangu ndege ya kwanza, vyake na vya abiria wa jirani, apeleke zawadi. Nilimimina vinne kwenye kikombe cha mtoto, nikakorogea maji ya bomba la kunywea lililokuwa pale ukutani, akanywa yote. Kipimo kinachoshauriwa kwa mtu mzima aliye na fahamu ni gramu 15 hivi, yaani kama vijiko vitatu vya chai. Unasubiri dakika 15, unapima tena. Akiwa amepoteza fahamu usimnyweshe kitu, ita msaada.

Zile dakika 15 zilikuwa ndefu kuliko safari nzima. Mwanangu alikaa chini akamshika bibi yake kisigino. Mashine ikasoma 4.7.

Kilichofuata ni kumlisha kitu cha kukaa tumboni. Nikatoa ule mkate. Mama akaurudisha kwenye karatasi. "Huo ni wa mume wangu," alisema, akimwonyesha mjukuu. Nikajua amerudi. Ilibidi mume mwenyewe amwambie kwamba hautaki.

Kijana aliyekuwa anasukuma viti vya magurudumu alituona, akasogea, akatusalimia kwa Kiswahili baada ya kusikia tunavyozungumza.

"Mama, shikamoo. Mmetoka wapi?"

"Marahaba, baba. Mwanza."

"Mimi ni wa Kisumu."

"Kumbe tunakunywa maji mamoja," mama alisema, na bila kuambiwa akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mbele ya Mwanza nzima. Yule kijana alimpa chupa ya maji. Akanywa nusu akiwa anamsimulia bei ya sangara. Kwa kawaida kiti hicho kinaombwa kwenye shirika la ndege saa 48 kabla, bila malipo, na siku hiyo hiyo unaweza kuomba chakula cha wenye kisukari. Sikuwa nimeomba hata kimoja.

Alitupeleka kwenye kona yenye mwanga mdogo. Nilitandika kanga mbili juu ya zulia, mtoto akalala kama yuko kwake. Kanga ndiyo kifaa bora cha safari nilichowahi kubeba: shuka, mto, taulo, pazia la kubadilishia nguo. Mama hakulala. Kila saa nilimwinua tuzunguke kidogo, kisha akiwa amekaa anainua visigino na vidole. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa nne au zaidi bila kujisogeza huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa takriban mara mbili. Hatari yenyewe kwa mtu mwenye afya ni ndogo, ila haijali kama umekaa kwenye ndege au kwenye basi la Mwanza–Dar.

Saa 9 usiku, siku moja kamili tangu tuamke Nyegezi, aliniuliza, "Hivi ulikuwa unaogopa?" Nikasema hapana. Akasema, "Mimi niliogopa. Nilikuona unatafuta ile mashine."

Saa 1 asubuhi nilinunua mayai, mkate na chai isiyo na sukari. Akapima. Akasubiri sahani iwekwe mezani, akaigusa kwa kidole kama anahakikisha ipo, ndipo akachoma.

Ndege ya mwisho haina habari. Mtoto alilala, mama alikwenda chooni mara tatu na kila aliporudi alinitazama kwa ushindi. Wakati wa kushuka nilimpa mwanangu maji kwa mrija, ameze mate masikio yasimuume. Alilia hata hivyo, dakika kama kumi. Siku hizi siwaombi radhi abiria wengine kwa macho, nao walikuwa watoto.

Manchester, ofisa wa uhamiaji alimuuliza mama amekuja kufanya nini. Mama alijibu kwa Kiswahili, akionyesha kwa mikono miwili: maji ya moto, kitambaa, mgongo, tumbo. Ofisa alinitazama mimi. Nilitafuta neno la Kiingereza la kukanda, nikakosa. Nikasema amekuja kumtunza binti yake aliyejifungua. Mama akaniangalia kwa mashaka, akijua kabisa kwamba sijatafsiri yote.

Jioni kwa dada kulikuwa na ugali na mchicha. Saa ya mama ilikuwa bado inasoma saa ya Mwanza, saa 2 usiku. Aliivua, akampa shemeji airudishe nyuma hadi saa 12, akaivaa tena. Kisha akasubiri sahani.