Muhula wa Machipuko Kule Minnesota

Akina mama wenzangu, wenye vyuo vya Marekani wana muhula wanaouita wa machipuko. Nilipolisikia jina hilo mara ya kwanza niliona maua na jua la asubuhi, nikamwandikia binti yetu kwamba lile koti zito sasa aliweke sandukuni. Akanijibu kwa picha. Alikuwa amesimama mlangoni pa bweni, theluji imemfika magotini, na macho tu ndiyo yaliyoonekana. Ilikuwa Februari 2025, nyuzi 20 chini ya sifuri, na muhula wa machipuko ulikuwa na wiki moja tangu uanze.

Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu mkubwa. Mimi ni mama yake mdogo, na tangu akiwa darasa la tano nimemlea pamoja na wanangu hapa Iringa. Anasoma katika chuo kilicho katika mji mdogo kando ya mto Mississippi, kusini-mashariki mwa jimbo la Minnesota. Ufadhili unalipa sehemu kubwa ya ada, na inayobaki huipunguza kwa kuosha vyombo katika bwalo la chuo. Sheria ya nchi ile inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi chuoni hapohapo, isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Yeye alipewa saa 10 tu, maana wanaozitaka ni wengi. Na lazima awe na masomo yasiyopungua krediti 12 kwa muhula, la sivyo viza yake inaingia mashakani. Hesabu hizi nilikuja kuzielewa baadaye. Wakati ule, kwangu Marekani ilikuwa Marekani.

Nilipata nafasi ya kwenda kumwona. Dayosisi yetu ya Iringa ina urafiki na sinodi ya eneo la Saint Paul, urafiki uitwao Bega kwa Bega, na mwaka huo nilikuwa katika kundi la wageni waliokwenda huko baada ya Pasaka. Ziara ilipokwisha, mama mmoja mwenyeji wetu alinipeleka kwa gari hadi mjini kwa binti. Ilikuwa tarehe 3 Mei. Njia nzima nilitazama mashamba. Udongo wao ni mweusi kama mkaa uliosagwa, na matrekta yalikuwa yakipanda mahindi mpaka giza linaingia, taa zimewashwa. Mama yule aliniambia kwamba kwa miezi mitano hawawezi kutia jembe katika ardhi hiyo, imeganda. Nikafikiri habari za kwetu, tunavyongoja mvua mwezi Novemba. Wao wanangoja udongo uyeyuke.

Sasa machipuko yalikuwa yamefika kweli. Miti ilikuwa na majani madogo ya kijani cha limau, maua ya tulipu yalisimama mbele ya nyumba, na wanafunzi walikuwa wamelala kwenye nyasi miguu mitupu kana kwamba wametoka kifungoni. Watu wasiojuana wanasimamishana njiani kusifu jua! Mimi nilikuwa bado na sweta mbili.

Binti alikuja mbio akanikumbatia, nami nikahisi mifupa ya mabega. Muuguzi haachi kazi yake nyumbani, mtanisamehe. Kabla hata hatujakaa nilikuwa nimemvuta kope ya chini kutazama ndani. Ilikuwa nyeupe. Akacheka, akasema ni ukosefu wa jua tu, wote wanakuwa hivyo.

Jioni hiyo alinipikia ugali katika jiko la pamoja, mwisho wa ukumbi wa bweni. Unga aliununua kwenye duka la Wamexico, ambao mahindi yao huyachemsha kwanza kwa chokaa, kwa hiyo ugali wenyewe una harufu ambayo sijaizoea. Alikula kidogo sana. Ndipo nikaanza kuuliza, naye akasema kidogokidogo, huku akikwangua sufuria.

Katikati ya muhula huo kuna likizo ya wiki moja, mwishoni mwa Machi. Mwenzake wa chumbani alikwenda kwao Wisconsin. Wengine walikwenda Florida kutafuta bahari. Bwalo likafungwa, na kazi ya vyombo ikasimama nalo. Waliobaki bwenini walikuwa wachache, wengi wao wageni ambao nauli ya kwao ni ndoto. Binti yetu alikuwa na mkate, chupa ya siagi ya karanga, na dola 11. Siku kumi na tano kabla ya hapo alikuwa ametuma nyumbani dola 200.

Fedha hizo niliziomba mimi. Upepo ulikuwa umeezua upande mmoja wa nyumba, nikapiga picha ya mvua ikiingia chumbani, nikamtumia bila neno lolote chini yake. Sikuhitaji kuandika neno. Zilikuwa zaidi ya shilingi laki tano, na mabati yalipandishwa wiki ileile. Nilimshukuru sana kwa simu. Niliwaambia hata majirani.

Wiki ile ya likizo alilala mno. Masomo yaliporudi, akakosa maabara ya kemia mara mbili, akishindwa kutoka kitandani. Na mimi nilikuwa wapi? Huko saa husogezwa mbele mwezi Machi, na tofauti yetu ikatoka saa 9 ikawa saa 8. Simu yangu ya saa 3 usiku, ambayo zamani ilimkuta saa 6 mchana akila, sasa ilimkuta saa 7 yuko darasani. Hakupokea. Nilinung'unika kwamba mtoto ameanza kubadilika.

Alitaka kuiacha kemia. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni ndiye aliyemzuia, kwa kumwonyesha kwamba angebaki na krediti 9. Mwalimu wa kemia naye akamruhusu kurudia maabara zile mbili.

Ila aliyemshika kwanza hakuwa mtu wa chuo. Wakati wa Kwaresima, sharika za Kilutheri za huko hukutana Jumatano jioni, watu wakala supu na mkate pamoja kisha wakasali. Jumatano ya wiki ile ya likizo binti alikwenda, kwa njaa zaidi kuliko kwa sala, alivyoniambia mwenyewe. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alimwona akiingiza vipande vya mkate katika mkoba. Hakumwuliza kitu. Watu walipotawanyika alimfuata mlangoni na ndoo ndogo ya supu, akamwambia kwake hakuna wa kuila, amsaidie isiharibike. Na Jumatano iliyofuata hivyohivyo. Nilikwenda kumshukuru bibi huyo. Nilijitayarisha kwa hotuba nzima, nikaishia kumshika mikono, naye akanionyesha bustani yake.

Jumatatu nilimpeleka binti kliniki ya chuo. Alikuwa hajawahi kukanyaga, akiogopa hati ya malipo, kwa kuwa amesikia hadithi za madeni ya hospitali za huko, na hadithi hizo si za uongo. Kumbe kuonana na muuguzi wa chuo kulikuwa bure. Kipimo kikaonyesha damu 9.4, na kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka isipungue 12. Walimpa vidonge vya madini ya chuma. Muuguzi yule alikuwa mtu wa umri wangu, tukatazamana kama watu wa kazi moja, akaniuliza kwetu tunawashauri kina mama kula nini. Nikamtajia mchicha, maharage, dagaa, maini. Dagaa zilimshinda kuandika.

Usiku huo nilimwuliza binti kwa nini hakusema. Akanijibu taratibu: "Mama mdogo, mngesema nimeshiba nimesahau kwetu." Nilitaka kukataa. Nikakumbuka mambo tuliyoyasema sebuleni kuhusu mtoto wa jirani aliye Kanada, nikanyamaza.

Jumatano tukiwa bwaloni ving'ora vikalia mji mzima. Mimi nilishainuka kutafuta pa kukimbilia, watu wanaendelea kutafuna. Katika jimbo hilo ving'ora vya kimbunga hujaribiwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 7 mchana. Binti alicheka mpaka akatoa machozi, na kwa mara ya kwanza nilimwona akimaliza sahani.

Siku ya kuondoka tulikaa kando ya Mississippi, daftari la kemia magotini pake, matishari ya nafaka yakipita polepole kuelekea kusini. Nilitoa simu nikaandika katika kundi la ukoo, mbele ya macho yake, kwamba kuanzia leo asiombwe fedha mpaka amalize chuo, na kwamba wa kwanza kuacha ni mimi. Mjomba wake akajibu: "Huko Marekani mnakula nini hata damu ipungue?" Wengine hawajajibu hadi leo.

Kemia alipata C. Alibaki chuoni kiangazi, kwa kuwa wakati wa likizo sheria inaruhusu saa nyingi zaidi za kazi. Kutuma fedha kwenda kule ni shida kuliko kuzipokea, kwa hiyo mimi na ndugu wawili tulichanga kimyakimya, na wageni wa sinodi walipokuja Iringa nilimkabidhi mmoja wao bahasha ya dola 80, pamoja na kitenge na pakiti nne za chai ya Mufindi.