Tundu la Taa Halidanganyi

Msomaji, ukitaka kuvuruga kijiwe chetu hapa Igurwa, achana na habari za Simba na Yanga. Uliza tu: lile gari bovu nyuma ya nyumba ya baba mdogo ni Peugeot gani? Patakucha!

Wazee wanaapa ni 404. Siwashangai. 404 ndiyo iliyotamba Safari Rally: 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Tena 1966 na 1967 usukani ulikuwa kwa Bert Shankland, mkazi wa hapahapa Tanzania. Nani hapendi undugu na bingwa?

Mimi nikasema, jamani, tuliulize gari lenyewe. Nembo ya simba iling'olewa zamani, taa hakuna, shoo ya mbele hakuna. Lakini bodi haisahau. 404 ina taa za mviringo. 504, iliyotoka 1968, ina taa pana zenye pembe. Matundu ya hili yana pembe. Ubishi kwisha! Uvunguni nikakuta ekseli nzima na springi mbili kila upande: stesheni wagoni ya 504, mbeba mizigo haswa.

Sasa sikia kilichonipeleka uvunguni. Baba mdogo kapata mnunuzi wa chuma chakavu, anapima kwa kilo. Na mama miaka yote anasema aliposhikwa na uchungu wa kunizaa alilazwa kiti cha kati cha gari hilo, bibi na shangazi wakakaa kiti cha tatu, mpaka hospitali ya Nyakahanga. Baba mdogo humcheka: "Shemeji, letu lilikuwa na safu mbili tu. Wewe ulipanda la watu."

Nikachukua ufagio, nikaondoa kinyesi cha kuku. Yakatokea matundu ya bolti, safu ya tatu! Hiyo ndiyo Familiale, ya watu saba, ingawa kwetu saba ni abiria wa kwanza tu.

Baba mdogo kimya. Mama naye hakusema kitu, alisogea tu akaushika mlango.

Gari litauzwa, mwenyewe ana shida na hela na mali ni yake. Ila mlango wa nyuma wa kushoto nimeuomba, nimepewa. Na wewe mwenye mkweche uani, kabla hujamwita mtu wa mizani, hebu muulize mama yako kwanza.