Tasfida na Utumbo Mpana

Neno saratani tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kaa, yule wa baharini. Wayunani wa zama za Hippocrates waliuita ugonjwa huu kwa kiumbe huyohuyo, karkinos. Warumi wakautafsiri cancer, ndiyo kansa yetu ya mitaani. Galen alitoa sababu: mishipa iliyovimba kuuzunguka uvimbe ilishabihiana na miguu ya kaa. Sisi wa Mangapwani, tuliokua tukifukuza kaa mchangani, tungedhani jina hilo limetufahamisha ugonjwa. Wapi!

Saratani ya utumbo mpana na puru haitambai mahali pa kuonekana. Utumbo huo, wenye urefu wa takriban mita moja na nusu, huanzia chini kuliani mwa tumbo, hupanda, hukatiza, kisha hushuka kushotoni hadi kwenye puru. Katika ukuta wake wa ndani huota vinundu. Vingi havidhuru, vichache hugeuka saratani, mara nyingi baada ya miaka 10 au zaidi. Kinundu kikionekana kwa kamera katika muda huo, hukatwa na hatari yake ikaondoka. Dalili zenyewe ni damu katika choo, choo kubadilika mwendo kwa wiki kadhaa, mwili kupungua, na upungufu wa damu usioelezeka.

Lakini dalili hutaka msemaji. Mjomba wangu, mvuvi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliulizwa na daktari: "Mzee wangu, choo unapata vipi?" Akajibu: "Alhamdulillahi." Jibu la adabu, lisilo na habari yoyote ndani yake. Nyumbani alisema tu kuwa tumbo halina raha. Damu aliyoiona aliiita bawasiri, na bawasiri ina mizizi yake ya kuchemsha. Miezi minane ikapita. Alipovuka kwa boti kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ulikwisha fika kwenye ini.

Tasfida siilaumu. Haja kubwa, msala, kujisaidia: hizi ni sitara, na lugha isiyo na sitara haikaliki. Kinachonishangaza ni kwamba Kiswahili chetu kina mlango mwingine. Chuoni, tukiwa watoto wa miaka saba, tulisomeshwa kustanji, tupu mbili na vitenguavyo udhu, na maalimu alikitaja kila kitokacho bila kupepesa macho. Hapana haya katika dini, alisema. Mjomba alisoma chuo hichohicho. Maneno alikuwa nayo. Aliona muhali kuyapeleka kwa daktari, tena daktari kijana.

Kule Nairobi, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliutaja ugonjwa huu hadharani mwaka 2019, ukiwa umefika hatua ya nne. Alifariki tarehe 26 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 41. Hakuwa mzee, na hilo nalo lilihitaji kusemwa.

Sasa fikra zangu ziko kwa watoto wa mjomba, maana aliyeuguliwa na mzazi yumo hatarini zaidi, na hushauriwa kupimwa mapema kuliko wengine. Mkubwa wao ana miaka 44. Nimekaa naye barazani mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza upepo na bei ya samaki. Mara ya pili alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, mimi naona damu chooni." Jumatatu tunakwenda mjini kwa gari ya alfajiri.