Usichague Sponji kwa Rangi Yake

Wiki hii naziweka programu kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu sponji, zile za mviringo zinazobandikwa kwenye mashine ya kung'arisha rangi ya gari. Msikimbie! Mtu wa tarakilishi ana la kusema hapa pia.

Babangu mdogo ana Toyota ya samawati ambayo imepanda na kushuka kati ya Kisii na Nyamira kwa miaka mingi. Sasa anataka kuiuza apate karo ya binti yake anayeingia chuo kikuu. Shida ni kwamba kila mnunuzi akiitazama juani anaona mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui, kisha anashusha bei. Kwa kuwa nilisomea kompyuta, kwake mimi ni fundi wa kila kitu chenye waya. Swali lake lilikuwa fupi: "Ninunue sponji ya rangi gani?"

Jibu langu: rangi ya sponji haikwambii chochote mpaka ujue aliyeitengeneza. Kampuni ya Rupes ya Italia huuza sponji za buluu zikiwa kali, kijani za wastani, manjano laini na nyeupe laini zaidi. Kampuni ya Lake Country ya Marekani ina aina zake ambazo ya manjano ndiyo ya kukata kwa nguvu! Ni kama programu mbili zenye kitufe kinachofanana, moja inahifadhi faili na nyingine inafuta. Ukienda dukani ukaomba "ile ya manjano," unacheza bahati nasibu na rangi ya gari lako.

Na kinachochezewa ni chembamba mno. Kwenye magari mengi ya kisasa, juu ya rangi yenyewe kuna tabaka angavu ambalo mafundi wetu huliita klia. Unene wake mara nyingi ni kama mikroni 40 au 50 hivi, yaani ni jembamba kuliko unywele wa kawaida. Klia ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua, na sisi tuko karibu na ikweta, tena Kisii iko juu takriban mita 1,700. Sasa elewa jambo moja: kung'arisha hakuzibi mkwaruzo. Kunapunguza klia iliyo kandokando mpaka uso ulingane. Kila mzunguko wa sponji unaondoa kitu, na hakuna kitufe cha kurudisha.

Hapo ndipo nilipokumbuka Tabaka, kule Kisii wanakochonga mawe ya sabuni. (Ndiyo, jina lake ni Tabaka, nasi tunazungumzia matabaka!) Kinyago kikishachongwa husuguliwa kwa msasa na maji, wakianza na msasa mkali na kumalizia na ule laini, kisha hupakwa nta kikang'aa. Kanuni ya kila hatua kufuta alama za hatua iliyotangulia ni ileile kwenye gari. Lakini kuna tofauti kubwa: jiwe lina unene wa kutosha, kwa hiyo unaweza kuanza na ukali. Gari halina. Kwenye gari unaanza na laini, na unapanda tu ikibidi.

Basi ukiwa dukani, angalia haya:

1. Ugumu. Bonyeza kwa kidole gumba. Ngumu hukata zaidi, laini humalizia.

2. Kipenyo. Sponji izidi kidogo bamba la mashine, ili ukingo wa bamba usiguse rangi.

3. Unene. Kwenye mashine inayozunguka huku ikitikisika, sponji nene sana humeza mtikisiko na kazi haiendi. Mashine ya kuzunguka tu hukata haraka na huleta joto jingi, kwa hiyo anayejifunza aiogope. (Na kama nduguyo wa Minnesota anakuletea mashine, soma volti kwanza. Huko ni 120, hapa 240.)

4. Idadi. Sponji hujaa polishi na vumbi la rangi, hupata joto, huchoka. Moja haitoshi gari zima. Nunua kadhaa, uzioshe kwa sabuni isiyo kali, uzianike kivulini.

Kisha fanya jaribio, kama tunavyojaribu programu kabla ya kuwapa watu. Osha gari vizuri, liweke kivulini, zungushia utepe eneo la sentimita 40 kwa 40. Anza na sponji laini na polishi laini. Futa, tazama kwenye mwanga. Haitoshi? Badilisha kitu kimoja tu, sponji au polishi, usibadilishe vyote, la sivyo hutajua kilichosaidia. Sponji ikitoka na rangi ya gari, huenda gari halina klia, jambo la kawaida kwa magari meupe ya kazi. Na mkwaruzo ambao ukucha unakwama ndani yake, uache.

Kwenye boneti ya babangu mdogo sponji laini haikutosha, ya wastani ikatosha. Ile kali hatukuihitaji. Paa lilikuwa na hadithi nyingine, kwani klia ilikuwa imeanza kubanduka kwa jua. Akaniambia tulipitishe ile kali tu, mnunuzi hatapanda juu kuangalia. Nikamwambia klia iliyobanduka hairudishwi na sponji yoyote. Inatakiwa kupigwa rangi upya. Tukaliacha, naye ameamua kumwonyesha mnunuzi paa kwanza, ndipo wazungumze bei.

Kwa hiyo ukikutana na muuzaji, usimuulize rangi. Muulize: imetengenezwa na nani, ni ya kukata au ya kumalizia? Asipojua, ibonyeze mwenyewe, na ukiwa bado na shaka, chukua iliyo laini zaidi. Ikishindwa utapoteza dakika kumi tu.

Tukutane wiki ijayo, turudi kwenye hifadhidata zetu.