Motere inayolia "kwii"

Gari la baba mdogo ni Toyota Corolla ya mwaka 1998. Usukani wake uko kulia, kama magari mengi yaliyotoka Japani yakateremshwa Dar es Salaam kabla ya kufika kwetu Lubumbashi. Kila siku, kabla jua halijachomoza, linabeba abiria kutoka Katuba kwenda mjini. Wanaodhani Kongo nzima ni joto waje hapa mwezi wa sita au wa saba. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri pumzi inaonekana ikitoka mdomoni. Watu watano wakijifungia ndani ya gari, dakika mbili hazipiti, kioo cha mbele kimekuwa cheupe pe.

Kinachokisafisha ni hewa ya shofaje. Hewa hiyo inasukumwa na feni moja iliyofichwa nyuma ya dashibodi, na feni inazungushwa na motere ya umeme isiyozidi ngumi mbili. Baba mdogo alikuwa ameacha kuiwasha kwa sababu ya makelele yake. Abiria walilalamika, na mama mmoja aliteremka njiani akidhani injini itapasuka. Basi akawa anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili unapangusa kioo kwa kitambaa, katika barabara yenye malori ya madini na pikipiki zisizo na taa. Alisema amezoea. Mimi niliyekaa kando yake sikuzoea.

Gereji tuliyoiendea iko Kenya (nasema komini ya Kenya, si nchi). Fundi wake ni mzee kidogo kuliko baba mdogo, na hakuinuka kwenye kiti chake.

"Iko na nini?"

"Kwenye vantilatere kuko makelele," baba mdogo akajibu.

"Makelele ni ya bintu byote, baba. Unifanyie ile yake."

Baba mdogo alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na si mtu wa kulialia hadharani. Alitazama pembeni, akafanya: "Kwiiii. Kisha inanyamaza."

"Kwii, ao kri-kri-kri?"

"Kwii. Asubui tu."

"Na ukikata kona?"

"Inarudia."

"Njo bushi," fundi akasema. "Imekauka." Alikuwa hajagusa gari wala bisibisi.

Jambo hilo ndilo lililonifanya niandike. Siku zile nilikuwa natafuta mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, na mbele yangu wazee wawili walikuwa wametambua ugonjwa wa motere kwa silabi mbili. Jina la Kifaransa, vantilatere, lilionyesha mahali tu. Ugonjwa wenyewe ulitajwa na tanakali.

Nilimwomba fundi anieleze nyingine, akanieleza huku akifanya kazi. "Tatatata" inayoharakisha kila ukipandisha kasi ya feni ni jani au karatasi iliyonasa kwenye mapezi. Magari ya zamani kama hili mara nyingi hayana kichujio, na majani huingia kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. "Kwii" ya mwanzo wa asubuhi, inayopungua motere ikipata joto, ni ekseli ndogo inayozunguka ndani ya bushi kavu. Gari likikata kona ekseli inasukumwa upande mmoja, ndiyo maana sauti hurudi. "Ngrrr" isiyokoma ni bushi iliyokwisha kuliwa. Na dashibodi ikitetemeka "vuum, vuum", feni imepoteza uzani wake, pengine pezi moja limevunjika. Kabla ya yote hayo unazima injini na kuwasha feni peke yake. Sauti ikibaki, usiusingizie mkanda wa injini.

Tazama jinsi sauti hizo zilivyojengwa. Irabu i inabeba mlio mwembamba, na u mlio mzito. R inabeba msuguano. Kurudia silabi ni pigo linalojirudia katika kila mzunguko, na kurefusha irabu ni mlio usiokatika. Nilimtega fundi kwa makusudi, nikamwambia gari lingine linalia "kwooo". Alicheka: "Ile haina motere, mama. Ile ni ya mupira." Alimaanisha beringi ya gurudumu. Irabu moja ilikuwa imehamisha ugonjwa kutoka dashibodi hadi chini ya gari. Katika darasa la fonolojia tungesema tumepata jozi pambanuzi.

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiswahili huziweka tanakali karibu na mwisho, pamoja na vihisishi, kama mapambo ya wasimulizi wa hadithi. Mifano ni ileile: ameanguka pu, amelala fofofo. Clement Doke alizipa heshima zaidi. Mwaka 1935, katika Bantu Linguistic Terminology, alizitengea nafasi yake kati ya aina za maneno, kwa jina la idiofoni. Doke hakutunga hayo mezani tu. Kabla ya kufundisha Johannesburg alikuwa mmisionari kwa Walamba, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na Kilamba kinasemwa pia katika vijiji vinavyozunguka mji wetu. Wala si kweli kwamba kila tanakali ni mwigo wa mlio. Rangi nyeupe hailii, lakini tunasema nyeupe pe. Kimya hakina sauti, lakini tunasema kimya ji.

Turudi kwenye gari. Kwa kuwa usukani uko kulia, motere iko kushoto, nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Fundi alikitoa kisanduku, akachomoa plagi ya umeme, akafungua skrubu tatu. Mbili zilitoka vizuri. Ya tatu ilikuwa imekaza ndi, ikatuchukua nusu saa na maneno ambayo jarida hili halitayachapa. Motere ilishuka pamoja na feni yake, kama kitenga cha plastiki chenye mapezi mengi, kilichojaa vumbi na vijani vya jakaranda. Fundi alishika ncha ya ekseli, akaitikisa. Ilicheza kushoto na kulia.

Baba mdogo aliomba tone la mafuta, maana motere nyingine ilikuwa na bei ya siku tatu za kazi. Fundi alikataa. Mafuta yataituliza kwa wiki moja, alisema, kisha yatachanganyika na unga wa kaboni ndani ya motere yawe matope, na utarudi hapa bila kioo na bila pesa. Nadhani alisema kweli, ingawa pia alikuwa anauza.

Motere zilizotumika zilikuwa mbili mezani. Alizipima kwa nyaya mbili juu ya betri. Ya kwanza ilisema "ngrrr", akaiweka kando bila neno. Ya pili ilizunguka "fuuu" safi, lakini hewa ilikuwa nyonge kiganjani, basi akabadilisha nyaya, ikavuma. Feni ya namna hii hata ikizunguka kinyume hupuliza upande uleule, ila kwa unyonge, na sikio peke yake halitambui.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka gereji na simu yangu, narekodi. Jambo moja linanivuta zaidi: katika vinywa vya mafundi hawa majina ya vipande mara nyingi ni ya Kifaransa, motere, shofaje, vantilatere, lakini hali ya kipande karibu kila mara husemwa kwa maneno yetu. Motere imechoka, imekufa, inakula umeme, inakohoa, inalia kwii. Kipande tulikipokea pamoja na jina lake. Kuharibika kwake kulitokea hapa.

Mafundi wawili hawakubaliani kuhusu sauti moja. Yule wa Kenya anaiita "ngrrr", na mwingine wa Kamalondo, aliyekua akisema Kiluba, anaiita "krrr" na kusema "ngrrr" ni kitu kingine kabisa. Nimewasikilizisha rekodi ileile. Kila mmoja alishangaa kwamba mwenzake ana masikio.