Mzee Apasuliwe, au Aachwe?

Baba yangu mkubwa alikuwa na miaka 73 alipoanza kuona damu chooni. Yeye ni mvuvi wa Baraka. Kwa haya alinyamaza miezi mingi, akijidanganya kuwa ni bawasiri tu. Sisi tulitambua alipokonda, hata kushona wavu kukamshinda.

Tulimpeleka Bukavu kwa njia ya Uvira, safari ndefu ya matope. Daktari akasema: ni kansa ya utumbo mpana, na dawa yake ya kwanza ni kisu. Tuliporudi, wazee wa ukoo wakashuka kutoka milima ya Fizi, tukakaa barazani. Shangazi alisema wazi: "Mtu wa miaka hii, mwenye sukari na presha, mkimpasua mnamwua. Mwacheni afie kwake." Nami, nakiri, moyoni nilikubaliana naye.

Shangazi hakukosea kabisa. Ugonjwa wa sukari huchelewesha kidonda kupona na hukaribisha usaha. Hata pale utumbo uliposhonwa huweza kuachia. Moyo dhaifu huchoshwa na dawa ya usingizi. Tena mzee aliyekonda hana akiba mwilini. Lakini daktari hakuhesabu miaka peke yake. Alimwuliza baba mkubwa: Wapanda kilima bila kushikwa? Wajivika nguo mwenyewe? Wala vizuri? Akatueleza kuwa mzee wa miaka 80 mwenye nguvu aweza kuvuka salama kuliko mtu wa 50 ambaye sukari yake haijatulizwa. Hatari kubwa zaidi, alisema, ni kungoja mpaka utumbo uzibe na tumbo livimbe, mgonjwa apasuliwe usiku kwa haraka, bila kutayarishwa.

Niliwakumbusha wazee habari za Papa Fransisko. Tarehe 4 Julai 2021 alikatwa sehemu ya utumbo mpana huko Roma, naye ana miaka 84, na sehemu ya pafu lake iliondolewa tangu ujana. (Yake haikuwa kansa.) Baada ya siku 10 alitoka hospitali. Lakini mwaka 2022 alisema mwenyewe kwamba ile dawa ya usingizi ilimwachia alama, kwa hiyo hakutaka kupasuliwa goti. Shangazi akajibu, "Roma si Baraka." Kweli.

Ndipo baba mkubwa akakohoa. "Mnagawana tumbo langu kama samaki," alisema, "na hakuna aliyeniuliza." Tuliona aibu. Akasema aende.

Hakupasuliwa siku ile ile. Kwanza walimshusha sukari, wakamwongezea damu, wakamkataza tumbako, wakamlazimisha kutembea uani asubuhi na jioni. Majuma matatu! Tulinung'unika kwa gharama, kumbe ndiyo yaliyomwokoa. Hata hivyo kidonda kilitoa usaha, akalala huko zaidi ya mwezi.

Sasa hatoki tena ziwani usiku. Anashona nyavu za wengine, ameketi mlangoni. Shangazi humletea mikeke ya kuchoma, wala mpaka leo hajasema kwamba alikosea.